Ukoo wa Kuazima

Watu wa Makote wana maneno mengi juu ya Mwalimu Optatus. Wapo wanaosema karogwa, ndiyo maana mwanaume mwenye kazi, bati juu ya nyumba na baiskeli inayong'aa anajipikia ugali mwenyewe. Wapo wanaosema anajiona, hakuna mwanamke wa huku anayemtosha. Juzi katekista wao alikuja mpaka kwangu hapa Newala kuniuliza, maana kasikia Mama Godwin ndiye anayemjua yule mtu tangu ujana. Nikamwambia hajarogwa na wala hajioni. Alikuwa anatafuta pa kulala tu.

Akadhani namtania. Nikamwambia kaa chini baba, chai ipo.

Ilikuwa wakati ruksa ya biashara imepamba moto. Kila mwenye nguvu alifungua kitu: huyu mashine ya kusaga, yule meza ya mitumba, na wanunuzi wa korosho wakapanda huku na malori yao kana kwamba korosho zimegunduliwa jana. Basi mwalimu mstaafu mmoja naye akaona asipitwe, akafungua chuo cha ualimu ndani ya ghala tupu la korosho. Usicheke, ndivyo ilivyokuwa. Alitoboa madirisha, akapaka ukuta mmoja rangi nyeusi uwe ubao, na jua likiwaka vizuri harufu ya maganda ilikuwa bado inawasalimia wanafunzi mlangoni. Kufundisha walifundisha, sitaki kusema uongo, na mtihani waliofanya ni uleule wa serikali. Ila bweni hakuna. Kwa hiyo mkuu wa chuo akatangaza kwamba anayetaka kusoma aje kwanza akione chuo kwa macho yake, asije akasema kauziwa mbuzi kwenye gunia, na kabla hajaondoka amtaje mwenyeji atakayekaa kwake. Huna mwenyeji, huna nafasi.

Nilimkuta Optatus bombani. Mimi nimepanga foleni na ndoo zangu, yeye kasimama pembeni, suruali imenyooshwa kwa pasi, viatu kavishika mkononi visiingie vumbi, nywele kazikuza na kuzichonga kama wale vijana wa kwenye makalenda. Akaniamkia vizuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umetoka wapi na viatu mkononi?"

"Lulindi, mama. Nimekuja kuona chuo."

"Umekiona?"

"Nimekiona. Nimekipenda hivyohivyo. Sasa sina pa kulala leo, na mkuu anataka mwenyeji kabla sijaondoka kesho. Nikikosa, nafasi anapewa mwingine."

"Gesti umekwenda?"

"Imejaa wanunuzi wa korosho, mama. Wanalala wawiliwawili. Na hata ingekuwa tupu, mwanafunzi atakaa gesti mpaka lini?"

Nikamwonea huruma. Nikamuuliza kama hana ndugu, akasema yeye ni Mmakua na hapa anaona Wamakonde watupu.

"Wamakua wapo," nikamwambia. "Unaiona ile nyumba ya kona yenye cherehani barazani? Pale ni kwa Mama Oliva, mjane, Mmakua wa Chiungutwa aliyeolewa huku. Yule ni Mirasi. Kama na wewe ni Mirasi, hata hodi usipige, umefika kwenu."

Katekista wangu ni mtu wa kuja, ikabidi nimweleze hapo. Mirasi ni nihimo. Nihimo ni ukoo wa Wamakua wa upande wa mama, kama sisi Wamakonde tulivyo na litawa letu. Mtu wa nihimo yako, hata kama hamjaonana tangu dunia iumbwe, ni ndugu yako wa tumbo moja. Ukimtokea bila taarifa anakupa kitanda, yeye anatandika mkeka. Na binti yake ni dada yako. Kumuoa huwezi, hata kuota umemuoa ni aibu.

Basi Optatus akatazama ile nyumba. Akatazama jua lilikofikia. Kisha akapiga makofi.

"Lo! Mama, mbona mimi ni Mirasi mtupu!"

Sasa mimi ningejuaje? Sina mashine ya kupimia ukoo wa mtu. Nikamtwisha ndoo moja, nikampeleka.

Mama Oliva alimhoji, usidhani ni mjinga. Mama yako nani, bibi yako nani, alizaliwa wapi. Kijana akajibu bibi yake alitoka ng'ambo ya Ruvuma na ndugu wengine walibaki hukohuko. Hapo aliucheza vizuri, maana nani angevuka mto kwenda kuuliza? Mama Oliva akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Hakujaliwa mtoto wa kiume yule mama, na shemeji zake walikuwa wameshaanza kuitazama ile nyumba kwa jicho la kuikadiria. Sasa Mungu kamletea kijana wa ukoo, msomi, na viatu anavyo. Akampa ndoo nzima ya maji ya kuoga. Ndoo nzima, Newala, mwezi wa kumi! Mimi jirani yake sijawahi kuazimwa kikombe.

Kisha akaita, "Oliva! Njoo umwamkie kaka yako."

Oliva akatoka na uzi mdomoni na tepu shingoni. Mimi si mwanaume, lakini macho ninayo: binti alikuwa binti. Akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo kaka." Yule kijana akasahau kuitikia mpaka mama akamkumbusha. Nadhani ulimi wake alianza kuujutia palepale, hata maji ya kuoga hayajapoa.

Nafasi chuoni akaipata. Akahamia chumba cha mbele, akawa kaka wa nyumba, na ukaka Mmakua haugawi nusunusu. Paa likivuja, Optatus. Mgogoro wa mpaka wa shamba, Optatus asimame aseme. Mama mkubwa wa Mama Oliva alipofariki huko Chiungutwa, wenye nihimo walinyolewa wote, na bwana Optatus akakalishwa kwenye kigoda katikati ya wafiwa, zile nywele za kalenda zikaanguka chini kwa ajili ya bibi ambaye hakuwahi hata kuuona uso wake. Walisema alilia sana siku ile. Nami nasadiki alilia.

Na nyumbani yupo Oliva. Asubuhi anamtengea uji, jioni yule anamshikia taa amalizie nguo za watu. Walikwenda bombani pamoja na kurudi ndoo nusu, maji yote yamemwagika njiani kwa kucheka. Mama yake akifurahi, "Tazama watoto wangu wanavyopendana." Mimi nikitazama nikinyamaza, maana kupenda nako kuna kupenda, na kule hakukuwa kupenda kwa kaka na dada hata kidogo.

Hatukukaa sana, Oliva akaniangukia uani kwangu akilia. Kumbe Optatus alishamwambia kila kitu. Yeye si Mirasi, ni Lukasi, nihimo nyingine kabisa, hakuna kinachowazuia kuoana ila ule uongo wake.

"Sasa si aseme?" nikamwambia. "Mama yako atakasirika wiki moja, ya pili atapoa."

"Ndicho ninachomwomba kila siku, Mama Godwin. Anasema akisema sasa atafukuzwa, akifukuzwa hana mwenyeji, akikosa mwenyeji hana chuo. Anasema kwanza amalize."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema nampenda," akasema, akajifunika uso. "Lakini yeye anapenda na chumba."

Maneno hayo yaliniuma, sikufichi. Nilimwendea yule kijana nikamchambua kama karanga. Akainamisha kichwa, akanijibu kwa adabu zote, naam mama, nimekosa mama, muhula huu ukiisha mama. Muhula ukaisha, ukaja mwingine. Akamaliza chuo, nikasema leo atasema. Akasema asubiri kwanza majibu. Majibu yakatoka, kafaulu. Akasema asubiri kwanza apangiwe kazi. Akapangiwa Makote, siyo mbali, akaanza kurudi kwa Mama Oliva kila mwisho wa wiki na kulala kwenye chumba kilekile, mswaki wake uko palepale dirishani. Mh! Mtu akishazoea kufuliwa nguo, ukweli unakuwa mzito.

Aliyemtoa usingizini ni Dastani. Huyu Dastani alikuwa na meza ya mitumba sokoni, mnene, mcheshi, anavaa koti la baridi hata jua likiwaka kwa sababu ni tangazo la biashara. Akamtuma mshenga kwa Mzee Stefano. Mzee Stefano ni kaka yake Mama Oliva, fundi baiskeli pale sokoni, yaani ndiye mjomba wa Oliva, na kwetu huku baba ni baba lakini mwenye neno ni mjomba. Mzee Stefano akaipenda posa, akalipenda na koti. Wakati huo alikuwa tayari ameshavaa moja kama hilo.

Oliva akampa Optatus siku. Hakupiga kelele. Alimwambia, "Jumapili ijayo mjomba anamjibu mshenga. Useme kabla yake, au usiseme tena maisha."

Ndipo bwana akapiga moyo konde. Alimpigia magoti Mama Oliva jikoni, mimi nikiwepo kama shahidi, kwa sababu miguu yake peke yake isingemfikisha. Akasema yote: mimi si Mirasi mama, mimi ni Lukasi, nilitafuta pa kulala, nisamehe, nampenda Oliva, nataka kumuoa.

Nilidhani Mama Oliva atamrushia mwiko. Hakurusha. Alikaa kwenye mbuzi ya nazi.

"Ungesema huna pa kulala," akamwambia, "ningekunyima?"

Optatus akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu.

"Nimekunyoa kichwa msibani kwetu. Nimewaambia shemeji zangu nina mwanangu wa kiume. Kila usiku nimekutaja kwenye sala, mwanangu Optatus. Sasa nikutaje nani?"

Wote tulilia, hata mimi, na sufuria ikaungua. Lakini Mama Oliva ni mama. Alipomtazama Oliva pale mlangoni, akalainika. Akasema sawa, ila neno la Optatus peke yake halitoshi. Ukoo wa mtu hausemi yeye, anausema mjomba wake. Aje mjomba wako kutoka Lulindi, aseme mbele ya kaka yangu Stefano kwamba ninyi ni Lukasi. Akisema hivyo tu, Dastani atafute kwingine.

Jambo lenyewe lilikuwa jepesi. Neno moja kutoka kwenye mdomo wa mzee mmoja, tena neno la kweli. Optatus akamtumia mjomba wake salamu kwa dereva wa lori: Mzee Yeremia aje Jumapili, kuna habari ya posa. Zaidi ya hapo hakusema. Aliona haya dereva ajue kwamba kaukana ukoo wa mama yake kwa ajili ya kitanda. Alipanga amsubiri mjomba stendi, amweleze uso kwa uso wakitembea.

Jumapili lori likaja, mjomba hayumo. Optatus, aliyetoka Makote asubuhi hiyohiyo kwa sababu tangu aungame hakulala tena kwa Mama Oliva, alizunguka stendi mpaka jasho likamlowesha shati la kanisani. Akaja kwa Mama Oliva peke yake, midomo imemkauka. Tulikuwa tumetandika mikeka barazani. Oliva yuko ndani, lakini mlango kauacha wazi kidogo.

Mara tukasikia kicheko njiani. Huyo Mzee Stefano na koti lake, kamshika mkono mzee mwingine mwembamba, mvi safi, msalaba wa mzee wa kanisa kifuani, wanacheka kama waliotahiriwa pamoja.

"Mjomba!" Optatus akaruka. "Umefika lini?"

"Tangu jana, mwanangu!" akasema Mzee Yeremia. "Nilisikia Jumapili malori ni ya kubahatisha, nikapanda la Jumamosi. Nimefika hapa sipajui, gesti imejaa, wewe uko Makote. Lakini Mungu hamtupi mja wake. Nimelala kwa ndugu yangu Stefano hapa, nimekula kuku, nimeoga na maji ya moto."

Baadaye mke wa Mzee Stefano alinieleza ilivyokuwa. Mzee alishuka stendi, akauliza Wamakua wako wapi, akaelekezwa kwa fundi baiskeli Stefano, yule Mirasi. Alipofika akaulizwa nihimo gani. Naye akatazama jua lilikofikia.

Mzee Stefano akakaa, akajikohoza. Dada yake alikuwa ameshamweleza kila kitu, na jana usiku alipomsikia mgeni wake akijiita Mirasi hakumwambia hata nusu. Alimjibu tu kwamba ya posa yatazungumzwa barazani.

"Ndugu yangu Yeremia," akaanza, "swali letu ni dogo. Kijana wako anataka kumuoa mpwa wangu, binti wa dada yangu huyu. Sisi ni Mirasi. Anasema ninyi si Mirasi, ni Lukasi. Wewe ndiye mjomba. Tuambie mbele ya watu hawa, ninyi ni nani?"

Mzee Yeremia aligeuka. Akamtazama mpwa wake. Optatus alikuwa anamtazama kwa macho ya mtu anayezama, anatikisa kichwa, anasema kwa midomo bila sauti: Lukasi, mjomba, Lukasi. Mzee akamtazama Stefano, aliyempa kitanda chake. Akanitazama mimi, akawatazama majirani waliojaa barazani, akashika ule msalaba. Mzee wa kanisa zima la Lulindi, mvi zote zile, aseme mbele ya wageni kwamba jana alidanganya ili ale kuku?

Nikamwombea moyoni. Sema baba, sema tu, aibu ya leo kesho itasahaulika. Wallahi nilimwombea.

"Mirasi," akasema Mzee Yeremia.

"Mjomba!" Optatus alipiga kelele. "Mjomba, si kweli! Sema kweli!"

"Nyamaza!" mzee akafoka. "Wakubwa wanazungumza. Unataka kunifundisha ukoo wa mama yangu?"

Basi. Mjomba akishasema kasema. Mama Oliva alijua ni uongo, mimi nilijua, Stefano mwenyewe sidhani kama aliamini sana, lakini nani angesimama kumwambia mzee wa watu hajui tumbo alilotoka? Optatus aligeuka huku na huku kutafuta wa kumsaidia. Wote tulikuwa tunatazama mkeka.

Hapo mlango ukafunguka, Oliva akatoka. Hakuwa analia. Alipita katikati yetu, akapiga goti mbele ya Mzee Yeremia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu," mzee akajibu, na hakuweza kumtazama.

Kisha akamgeukia Mzee Stefano. "Mjomba, mshenga wa Dastani anasubiri jibu. Mwambie nimekubali."

Mama yake akaita, "Oliva, mwanangu, ngoja kwanza." Hakungoja. Akamsogelea Optatus, akasimama mbele yake karibu kabisa, akamtengeneza kola ya shati iliyokuwa imejikunja, kama alivyozoea kumtengeneza kila Jumapili.

"Nilikungoja miaka yote ya chuo na baada ya chuo," akamwambia, taratibu, tukasikia sote. "Ulikuwa unaogopa kukosa pa kulala. Usiogope tena. Chumba chako kipo hapa siku zote, na kwangu kwa Dastani kitakuwepo. Hakuna mtu atakayekufukuza, kaka."

Watu wote walikuwa wanamsubiri Optatus, mjomba wake kamkazia macho, na Oliva hajatoa mkono kwenye kola.

"Asante, dada," akasema.